Pesa ya Biashara Sio Yako

Haya jamani, tusogee mbele tuanze. Leo nina jambo moja tu, pesa ya biashara sio pesa yako, hata kama biashara ni yako asilimia mia.

London kulikuwa na mtengeneza viatu anaitwa Aron Salomon, biashara yake akaigeuza kampuni, hisa zilikuwa 20,007 na yeye peke yake alishika 20,001, zile sita mke na watoto watano kila mmoja na yake. Kampuni ikafilisika, mfilisi, yule anayekusanya mali za kampuni alipe wadai, akasema huyu na kampuni ni kitu kimoja, alipe madeni mwenyewe. Mahakama za chini zikamsikiliza, ila House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza enzi hizo, mwaka 1896 ikakataa, kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria. Sasa wengi wanafurahia hapo, kwamba nyumba yangu haiguswi, wanasahau upande wa pili! Kama deni lake sio lako basi na hela yake sio yako, ukiitaka uipate kwa njia inayoeleweka, mshahara, gawio la faida au mkopo ulioandikwa.

Mhasibu naye ndo hivyohivyo. Mali ni sawa na madeni jumlisha mtaji, yaani mtaji wako unakaa upande mmoja na madeni, manake biashara inakudai... hapana, wewe ndo unaidai biashara, kama mtu mwingine yeyote aliyeipa kitu.

Kwenye uendeshaji ndo watu wanaumia zaidi. Kuna kanuni msomi wa Marekani John Little aliithibitisha 1961, muda oda inaokaa ni idadi ya oda zilizo ndani gawanya kwa unazomaliza kwa siku, yaani ukiwa na oda 30 ndani na unamaliza 5 kwa siku, kila oda inakaa wastani wa siku 6. Siku zote hizo hela ya malighafi imelala pale, we unaona oda zimejaa unajiona una pesa, unachota, mwisho wa mwezi mishahara hakuna. Zishushe ziwe 15 kasi ikiwa ileile, zinakaa siku 3 tu.

Dada umeuliza kama hujasajili kampuni inakuwaje. Hapo kisheria wewe na biashara ni mtu mmoja, mdai anaweza kufika mpaka kwenye vitu vyako binafsi. Ila kwenye vitabu bado mnatengana, fungua akaunti ya pembeni, na ukitoa hela ya matumizi yako iandike kuwa mwenye mali katoa, usiiandike gharama ya biashara, ukichanganya hutajua kama biashara inakula hasara au ni wewe unayeila.