Kifaransa cha Kongo: Majina Yaliyofutwa, Lugha Iliyobaki

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Mada niliyopewa ni pana mno: athari za Kifaransa katika historia, siasa na majina ya mahali. Ningeweza kuwatembeza Québec, Louisiana na Comoro, tukarudi jioni mikono mitupu. Kwa hiyo nimeamua kukaa sehemu moja, Kongo ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu huko Kifaransa kimekutana na lugha yetu uso kwa uso.

Hebu tuichukue ramani ya mwaka 1959. Unatoka Kigoma, unavuka ziwa, unashuka Albertville. Ukielekea kusini unaingia Élisabethville, na njiani kuna Jadotville. Ukienda kaskazini kufuata mto Kongo, utakuta Stanleyville, kisha Coquilhatville, na mwisho Léopoldville, makao makuu. Tazameni hayo majina. Albert, Élisabeth na Léopold ni watu wa ukoo wa kifalme wa Ubelgiji. Coquilhat alikuwa ofisa wa mwanzo wa utawala. Jadot alikuwa mhandisi na mkubwa wa kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga. Stanley, mvumbuzi aliyemtumikia Léopold, hata Mbelgiji hakuwa, alizaliwa Wales. Kilichoyaunganisha majina haya yote ni mkia wake tu, *ville*, yaani mji kwa Kifaransa. Shikeni mkia huo, nitaurudia.

Wengi husahau kwamba Ufaransa yenyewe haikuitawala Kongo hii. Kifaransa kililetwa na Wabelgiji, na Wabelgiji wenyewe hawakuwa wote Wafaransa wa lugha. Zaidi ya nusu ya watu wa nchi yao, na wamisionari wengi waliokwenda Kongo, walikuwa Waflemi, wasemaji wa Kiholanzi. Lakini maofisa wakubwa, mabenki na makampuni walizungumza Kifaransa, na ndicho kilichokuwa lugha ya dola. Wamisionari kwa upande wao walifundisha watoto kwa lugha za Kiafrika. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi walijua kusoma bila kujua Kifaransa, na Kifaransa kikawa mali ya wachache.

Na Kiswahili? Kilikuwa kimekwishatangulia. Misafara ya kutoka pwani yetu ilikuwa Nyangwe na Kasongo, mashariki ya Kongo, kabla bendera ya Léopold haijapandishwa. Mwaka 1887 mfalme huyo, kwa mkono wa Stanley, alimfanya Hamed bin Muhammed el Murjebi, huyo tunayemwita Tippu Tip, kuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa Wabelgiji. Miaka michache baadaye, kuanzia 1892, wakapigana vita na watu wa Tippu Tip hao hao na kuwavunja. Biashara ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa, hatuna haja ya kuipamba. Ila lugha ilibaki. Tena huko Katanga kampuni ya madini ilikitumia Kiswahili kuwa lugha ya kazi migodini, kwa wafanyakazi waliotoka pande nyingi.

Sasa ngazi ya kupandia ilikuwa ni Kifaransa. Mwaka 1948 serikali ilianza kutoa kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 ikaja hadhi kubwa zaidi, *immatriculation*, kwa Waafrika walioitwa *évolués*, yaani waliokwisha “kuendelea”. Ili upate hadhi hiyo ulichunguzwa: unaongeaje, unakulaje, nyumba yako ikoje, mkeo ni mmoja au zaidi. Karani mmoja wa posta wa Stanleyville aliomba hadhi hiyo, akaipata. Jina lake Patrice Lumumba.

Naomba tusimame kidogo kwa Lumumba. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Mfalme Baudouin alisimama Léopoldville akamsifu Léopold wa Pili, baba mkubwa wa babu yake, kwa kuwaletea Wakongo ustaarabu. Lumumba, Waziri Mkuu, hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Akasimama hivyo hivyo, na akasema kwa Kifaransa. Katika mateso aliyoyataja siku ile, kulikuwa na viboko, kulikuwa na mashamba yaliyonyang'anywa, na kulikuwa na jambo moja la sarufi. Alisema: nani atasahau kwamba Mweusi aliitwa *tu*, si kwa sababu ni rafiki, bali kwa sababu *vous* ya heshima ilikuwa ya Wazungu peke yao?

Kwa msiosoma Kifaransa: *tu* ni wewe unayemwambia mtoto, rafiki au mtumishi; *vous* ni wewe ya mtu mzima unayemheshimu. Mzungu kijana aliyeajiriwa jana alimwita *tu* Mwafrika mwenye wajukuu. Siwezi kufikiria shtaka lingine la ukoloni lililotolewa kwa lugha ya mshtakiwa, juu ya lugha hiyo hiyo, mbele ya mfalme wake, na likaeleweka neno kwa neno. Laiti Lumumba angesema Kiswahili au Kitetela, lugha yake ya nyumbani, Baudouin angekaa kimya akisubiri mkalimani. Kwa hiyo wale wanaosema Kifaransa kilikuwa cha watawala peke yao wanamsahau Lumumba.

Miaka mitano baadaye Joseph-Désiré Mobutu akachukua nchi. Mwaka 1966 akaifuta ramani. Léopoldville ikawa Kinshasa. Élisabethville ikawa Lubumbashi, jina la mto uliopo hapo. Jadotville ikawa Likasi, Albertville ikawa Kalemie, na Coquilhatville Mbandaka. Stanleyville ikawa Kisangani, ingawa hapo “ikawa” si neno sahihi, maana wasemaji wa Kiswahili walikuwa wakiuita Kisangani miaka yote ile. Hakuna aliyewapa jina. Serikali ndiyo iliyowafuata.

Mwaka 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire. Katanga nayo ikaja kuitwa Shaba, neno ambalo hapa hakuna anayehitaji kutafsiriwa. Mwaka 1972 ikawa zamu ya watu: majina ya ubatizo yaondoke, na rais mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga. Sera hii iliitwa *authenticité*.

Nanyi mmeshasikia. Sera ya kurudi kwenye asili ilikuwa na jina la Kifaransa. Chama kilichoisimamia kiliitwa Mouvement Populaire de la Révolution. Suti na tai vilipigwa marufuku, likaja vazi la *abacost*, na neno hilo ni Kifaransa kilichofupishwa, *à bas le costume*, suti ishuke. Watu wakaambiwa wasiitane tena *monsieur* na *madame*, bali *citoyen* na *citoyenne*, maneno ambayo Wafaransa waliitana Paris katika mapinduzi yao ya miaka ya 1790. Na jina Zaire? Lilitokana na neno la Kikongo la mto, lakini kwa umbo lililoharibiwa na mabaharia wa Kireno. Mimi huwa nacheka peke yangu nikifika hapa.

Lakini tusimcheke Mobutu mno. Alikuwa mwanahabari wa magazeti ya Kifaransa kabla ya siasa, na makabati ya serikali yake yalijaa mafaili ya Kifaransa. Jina la mji hubadilishwa kwa amri ya asubuhi moja na mchora vibao. Sheria za nchi, vitabu vya shule, kesi mahakamani na barua za mishahara havibadilishwi hivyo. Mwaka 1960 Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu, kwa hesabu inayotajwa sana, hawakufika 30. Hao, na makarani waliowafuata, ndio walioishika serikali, na lugha waliyoijua kwa kazi hiyo ilikuwa moja. Halafu kuna hofu ya jirani: ukichagua Kilingala watu wa mashariki watanuna, ukichagua Kiswahili watanuna wa Kinshasa. Kifaransa hakina kabila huko, kwa hiyo kila mmoja anakivumilia.

Sasa turudi kwenye mkia. *Ville* ilifutwa kwenye kila kibao mwaka 1966. Nendeni leo Lubumbashi, mkamsikilize kijana anayetoka Katuba au Kenya (kuna mtaa huko unaoitwa Kenya): “Niko naenda ku ville.” Ndiyo hiyo hiyo. Wakati wa Wabelgiji mji ulikuwa na sehemu mbili, *ville* ya Wazungu na *cité* ya Waafrika, na katikati kulikuwa na ukanda usiojengwa, eti kuzuia magonjwa. Uhuru ulikuja, Wazungu wengi wakaondoka. Ila benki, ofisi na maduka makubwa yalibaki pale pale, na makazi ya wengi yalibaki kule kule. Neno halikufa kwa sababu nauli ya kutoka *cité* hadi *ville* bado inalipwa.

Ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, Brazzaville, mji mkuu wa Kongo ile nyingine iliyotawaliwa na Ufaransa, imeachwa na jina lake. Mwaka 2006 mifupa ya de Brazza, mvumbuzi wa Kifaransa ambaye mji unaitwa kwa jina lake, ikaletwa kutoka Algiers na kujengewa kaburi la marumaru. Hao hawakuona haja.

Rwanda walifanya kinyume cha Mobutu: hawakuanza na ramani, walianza na darasa. Mwaka 2008 serikali iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata wakaingia Jumuiya ya Madola. Sababu ilikuwa ugomvi mzito na Ufaransa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na pia kwamba viongozi wengi walikulia Uganda. Hata hivyo mwaka 2018 Louise Mushikiwabo, aliyekuwa waziri wao wa mambo ya nje, alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Francophonie, yaani la nchi zinazotumia Kifaransa. Siasa ya lugha haina aibu.

Namalizia Kongo. Katiba ya 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Mwaka 2015 majimbo yaligawanywa yakawa 26, na baadhi ya majina mapya yakatoka na Kifaransa ndani yake: Haut-Katanga, Bas-Uele, Nord-Ubangi. Kalemie, ile Albertville ya zamani, ikawa makao makuu ya jimbo linaloitwa Tanganyika, jina ambalo sisi tuliliacha kama jina la nchi mwaka 1964. Mwaka 2022 Kongo ikatia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kigoma ataelewana kwa Kiswahili na mwenzake wa Kalemie bandarini, na mzigo utashushwa. Kisha atapewa fomu ya forodha, na hapo atahitaji mtu wa kumsomea.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali nayakaribisha, na kama yupo mtu wa Bukavu au Lubumbashi humu, naomba aanze yeye.