Sindano ya Midomo, na Dawa ya Kuitengua

Asalaam aleikum mabibi, dada zangu na wanangu. Nimepewa nusu saa, na nimeonywa kwamba kahawa na tende zikishaingia hapa hakuna atakayenisikiliza tena. Basi tuanze.

Nianze na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini. Hina ya majani tuliyoirithi haina neno: inatoka nyekundu au kahawia, wiki mbili tatu imefifia. Kisha haraka ikatuingia. Tukataka nyeusi, tena ya saa moja, wapambaji wakaanza kutia rangi ya nywele. Rangi ile ina kemikali inayoitwa PPD. Mimi ni muuguzi wa ngozi, na nimepokea mabibi harusi ambao mikono imetoka malengelenge kwa umbo lile lile la ua walilochorwa. Kila mmoja nilimwuliza, "Mpambaji alichanganya nini?" Hakuna aliyejua. Bei waliiuliza, maua waliyachagua, kilichomo ndani hawakukiuliza.

Kwenye sindano za kujaza midomo naliona kosa lile lile. Binti anakuja na picha kwenye simu, anauliza shilingi ngapi. Hajui kwamba chini ya jina hilo moja, "sindano ya mdomo", kuna vitu vinne au vitano ambavyo havina undugu.

Inayotumika zaidi siku hizi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki. Msiogope neno asidi, si ile ya betri. Kitu hiki unacho mwilini sasa hivi: kwenye ngozi, kwenye viungo, ndani ya jicho. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer walikipata kwenye jicho la ng'ombe. Baadaye kikawa kinatolewa kwenye kilemba cha jogoo, na leo kwa kawaida hutengenezwa na bakteria kwenye matangi ya kiwandani. Nalisema hili kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa hapa Amu, yaani Lamu, ni kama kina nguruwe. Uliza bado, na usome karatasi ya ndani ya boksi. Ama hukumu ya kujipamba kwa sindano, hiyo ni ya masheikh, mimi sitaigusa.

Kazi yake ni kuvuta maji. Ikiwa tupu mwili unaimaliza kwa siku chache tu, kwa hiyo kiwandani nyuzi zake zinafungwa pamoja ili zikawie. Mdomoni hukaa kama miezi 6 hadi 12, maana mdomo haupumziki: unakula, unasema, unasengenya. Marekani waliiruhusu Restylane, chapa moja ya jeli hii, kwa midomo mwaka 2011, kwa wenye zaidi ya miaka 21, ingawa kwa makunyanzi ilikuwa imeruhusiwa tangu 2003. Juvéderm, chapa nyingine, nayo ina aina zake. Mkiniuliza ipi bora kati ya hizo, nitawajibu kwamba tofauti yake ni ulaini na ugumu wa jeli, na mkono wa anayedunga una uzito kuliko jina la boksi.

Sababu yangu ya kuiweka mbele ni nyingine. Jeli hii ina dawa yake ya kuitengua, inaitwa hayaluronidezi. Ikidungwa pale penye tatizo, jeli inayeyuka. Umevimba upande mmoja, hukupenda, imeingia pasipostahili: kuna njia ya kurudi. Katika vyote vya kujaza midomo nitakavyovitaja leo, hakuna kingine chenye njia hiyo.

Botox yenyewe haijazi kitu. Inalegeza msuli unaozunguka mdomo ili ukingo wa juu ujikunje nje kidogo, mdomo uonekane mkubwa. Inakaa miezi miwili, mitatu. Lakini msuli ule ndio unaotumia kusema "papai" na "bibi", na ndio unaofumba mdomo kwenye kikombe cha kahawa. Ukilegezwa kupita kiasi, kahawa inachuruzika kidevuni mbele za watu. Mpiga zumari asiisogelee kabisa.

Silikoni ya majimaji, hiyo sina maneno laini nayo. Ikishaingia haitoki. Miaka inapita, halafu vinundu vinajitokeza, mdomo unakuwa mgumu, na daktari hana cha kuyeyusha. Kilichobaki ni kisu, nacho kinaacha alama. Jeli zenye chembe za kalsiamu, ambazo kwenye mashavu zina kazi yake, mdomoni hufanya vinundu. Kolajeni ya ng'ombe ilizitangulia jeli hizi, tangu 1981 kule Marekani, na ilibidi mtu apimwe mzio kabla ya kudungwa. Jeli ya hayaluroniki imeisukuma pembeni. Na kuna ile kalamu isiyo na sindano inayouzwa mtandaoni, unajibandika mwenyewe mdomoni. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake. Wanangu mlioko nyuma, nawaona mnatazamana.

Sasa nitakawia hapa kidogo. Midomo ina mishipa ya damu iliyopita karibu sana na juu. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, au ikiubana kwa nje, damu haipiti, na nyama isiyopata damu inakufa. Halitokei mara nyingi, lakini likitokea ni mbio. Vitabu vinasema tazama ngozi ikipauka. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ngozi nyeupe! Kwetu sisi, geuza mdomo utazame upande wa ndani na ufizi: je, pamepauka, au pana mabaka kama marumaru? Bonyeza kwa kidole, achia. Rangi irudi kwa kama sekunde mbili. Isiporudi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usitulie na barafu ukangoja asubuhi. Inatakiwa dawa ya kuyeyusha, kwa wingi, saa hizo hizo.

Na saa hizo hizo ukiwa Amu maana yake nini? Boti hadi Mokowe, kisha gari: Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, ndipo Mombasa. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: kabla hujakaa kitini, mwambie anayekudunga akuonyeshe kichupa cha hayaluronidezi, ukione kwa macho yako, usome tarehe yake. Akisema "kipo Mombasa", nyanyuka. Akikasirika, nyanyuka haraka zaidi. Na jina lake liwe kwenye daftari la Baraza la Madaktari. Saluni si zahanati, hata iwe na kiyoyozi.

Kiasi nacho. Sindano moja kwa kawaida ni mililita 1, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Kwa midomo yetu, ambayo Mungu hakuifanyia ubahili, nusu yake ni nyingi. Niseme ukweli wangu: wengi wa wasichana wanaonijia hawana kinachopungua. Wanaofaidika ni mabibi ambao ukingo wa mdomo umepotea kwa umri, au mwenye kovu la mdomo sungura ulioshonwa utotoni, upande mmoja ukabaki mwembamba. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Anayetokwa na malengelenge ya mdomo kila akipata homa, amwambie daktari mapema apewe dawa, kwani sindano huyaamsha.

Swali? Ndiyo, mwanangu, wewe wa buibui lenye nakshi.

Anauliza kama siku nane zinatosha, harusi yake ni Ijumaa ya wiki ijayo. Hazitoshi. Siku mbili za mwanzo mdomo unavimba mpaka mama yako akusahau, na vilio la damu linaweza kukaa wiki nzima au zaidi. Mdomo wenyewe huonekana ulivyo baada ya wiki mbili. Ungekuja mwezi mmoja kabla. Kwa sasa paka mafuta, vaa vikuba vyako, uende. Na piko, nani anakuchora?