Msimbo Ambao Hukuuandika

Wenzangu watengenezaji wa programu, ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna ya kusimamia maktaba tunazotumia, yaani msimbo wa watu wengine tunaouingiza kwenye programu zetu, nami nitaanza na Machi 2016, pale miradi mingi duniani ilipogoma kujengeka kwa sababu mtu mmoja ameondoa kifurushi chake kwenye npm, ghala la mtandaoni la maktaba za JavaScript. Kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kujazia herufi upande wa kushoto wa maandishi. Wengi walioumia hawakuwa wamekiomba. Kiliombwa na maktaba iliyoombwa na maktaba nyingine, na hiyo ndiyo waliyoichagua wao.

Ninachotaka tukubaliane leo ni hiki: ukisambaza programu, unawajibika kwa kila mstari uliomo, pamoja na ile usiyowahi kuiona. Zile maktaba kumi ulizoorodhesha kwa mkono wako zinaweza kuburuta mamia nyuma yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi Desemba 2021 kasoro ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ilipotangazwa, ikiwa na alama 10 kati ya 10 za ukali, swali la kwanza kwa kila timu lilikuwa, "Je, sisi tunayo?" Lilikuwa swali gumu, maana Log4j mara nyingi ilikuwa imejificha ndani ya bidhaa za watu wengine. Mwenye orodha ya vipande vya programu yake, iwe kwa muundo wa CycloneDX au SPDX, alitafuta jina moja tu. Kwa hiyo zoeeni amri za kuonyesha mti mzima wa maktaba: `npm ls --all`, `mvn dependency:tree`, `cargo tree`. Mkikuta jina msilolijua, `npm explain` itawaambia limeletwa na nani.

Sasa tuje kwenye faili la kufuli (lockfile), linalorekodi matoleo yaliyosakinishwa, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Ukiandika `^1.4.2` kwenye package.json, faili linaloorodhesha maktaba ulizochagua, hujataja toleo moja. Umesema: nipe lolote kuanzia 1.4.2, mradi lisifike 2.0.0. Mwenzako akisakinisha mwezi ujao bila faili la kufuli, anaweza kupata kitu tofauti na chako, nanyi mkabishana siku nzima kwa nini kwake inavunjika na kwako inafanya kazi. Namba ya toleo ni ahadi ya binadamu kwamba hajavunja kitu, na ahadi hiyo huvunjwa hata na watu waaminifu. Faili la kufuli huandika toleo halisi pamoja na alama ya kuthibitisha kwamba kilichopakuliwa ndicho kilekile. Liingizeni kwenye Git, mnakotunza historia ya msimbo wenu. Kwenye seva ya kujengea tumieni `npm ci` badala ya `npm install`, kwa sababu `npm ci` hukataa kuendelea pale package.json na faili la kufuli vinapopingana. Kwa lugha ya Rust, ongezeni `--locked` kwenye amri ya cargo.

Halafu lisomeni. Najua mistari yake ni mingi na inachosha, na wakaguzi wengi huipita bila kuitazama. Tafuteni angalau majina mapya. Mwaka 2018 mtunzaji mpya wa maktaba ya event-stream aliongeza kifurushi kiitwacho flatmap-stream, ambacho baadaye kilibeba msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali kutoka pochi ya Copay. Aliyesasisha wakati ule alikuwa na jina hilo geni mbele ya macho yake, ndani ya faili lake la kufuli.

Kufunga matoleo hakumaanishi kuyaacha yazeeke. Ukikaa miaka miwili bila kusasisha, siku kasoro ya usalama ikitangazwa utalazimika kuruka matoleo makubwa matatu usiku mmoja. Sasisha kidogo kidogo, maktaba moja kwa kila komiti (badiliko moja linalohifadhiwa kwenye Git), ili majaribio yakifeli `git bisect`, amri ya kutafuta badiliko lililoleta kosa, ikuonyeshe mkosaji. Ila usikimbilie toleo lililotoka asubuhi ya leo. Mlango wa siri uliogunduliwa kwenye xz, programu ya kubana data, mwezi Machi 2024 ulikuwa katika matoleo mapya, 5.6.0 na 5.6.1, na mhandisi wa programu Andres Freund aliunasa kwa sababu tu alishangaa kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, inachelewa kama nusu sekunde. Waliokuwa bado kwenye matoleo ya zamani walisalimika. Mimi hutenganisha mambo mawili: marekebisho ya usalama yaingie mara moja, mengine yangoje siku kadhaa. Renovate, chombo cha kusasisha maktaba, ina mpangilio wa `minimumReleaseAge` kwa kazi hiyohiyo.

Kabla ya kuongeza maktaba, uliza kama kazi yenyewe ni ya mistari 11. Ikiwa ndivyo, iandike. Usimbaji fiche na majira ya saa za dunia, hapana; hayo waachie waliojitolea miaka yao kwayo. Na maktaba kubwa usiiite kutoka mafaili arobaini. Iweke nyuma ya moduli yako moja, ili siku ya kuibadilisha uguse mahali pamoja.

Zile msizozitumia tena, ziondoeni wiki hii. Karibuni kwa maswali.