Ngome Ilikuwa Jela, Mwakumbuka?

Asalaam aleikum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni ingieni bana, viti viko huku mbele.

Naanza na Fort Jesus, ngome yetu hapa Mombasa, maana kila mtu hapa amewahi kupeleka mgeni pale. Ukiingia wapewa stori ya Mreno aliyeanza kujenga 1593, halafu Waomani wakaizingira 1696 mpaka 1698, mizinga, maradhi, njaa, stori tamu wallahi, kisha mara mwaruka mwafika makumbusho. Ngoja kwanza! Mwingereza alipoingia 1895 aliigeuza jela, na ikakaa jela mpaka 1958, makumbusho yenyewe yakafunguliwa 1960. Miaka 60 na zaidi ya pingu, nasi twaipita kwa sentensi moja. Kwa nini? Mimi naona Mreno ni rahisi kumsimulia, hana mjukuu wa kugombana nawe mtaani. Ya Mwingereza bado yatuuma.

Maana mwajua ilivyokuwa, ukanda huu wa Pwani Mwingereza aliukodi. Tarehe 14 Desemba 1895 akaandikiana na Sultani wa Unguja, maili 10 kutoka baharini, Mwingereza atawale, Sultani alipwe kila mwaka, na bendera nyekundu ya Sultani ikabaki juu ya ngome mpaka 1963. Hebu fikiria, chini jela ya Mwingereza, juu bendera ya Sultani, na wewe mtu wa Mombasa uko katikati hapo waambiwa wewe ni wa nani? Halafu Oktoba 1963 Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar wakatia saini, ukanda ukaingia Kenya.

Leo kijana yuwasema Pwani si Kenya, na ushahidi wake ni upi? Karatasi ile ile ya 1895. Mzee wa Kidigo kule Likoni akisikia hivyo ajiuliza, siku hiyo mezani babu yangu alikaa kiti gani? Hakukaa popote. Hapo ndipo penye shida yangu, kwamba hata tukimkasirikia mkoloni twamkasirikia kwa mafaili yake, na kila mtu ana faili lake.

Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, mwenye kudai ardhi ukanda huu aje aandikishe, isiyodaiwa yawa ya Serikali ya Mfalme. Waliojua njia ya ofisi, Waarabu, Wahindi, baadhi ya Waswahili wa mjini, wakaenda. Kwa Mijikenda ardhi ni ya ukoo, nani akadai peke yake shamba la ukoo mzima? Matokeo yake nendeni Kisauni leo. Nyumba vyumba 6, baraza la simiti, babu alijenga kwa jasho lake, lakini kiwanja si chake, na mwisho wa mwezi yuwaja mtu na kitabu cha risiti kwapani kuchukua kodi ya ardhi, na ukichelewa yuwakukumbusha kwamba nyumba waweza kuibomoa uondoke na mabati yako. Mtoto aliyekulia baraza hilo hahitaji mwalimu wa historia, lakini pia usimtarajie akumbuke enzi za Sultani kwa raha.

Na watu nao wakapangwa mafungu, huyu Mwarabu, huyu neitivu, yaani Mwafrika mwenyeji, na fungu ndilo liliamua walipa kodi gani na nani akusemee serikalini. Thelatha Taifa na Tisa Taifa, Waswahili wenyewe wa mji huu, walipigania miaka mingi wasihesabiwe neitivu. Siwalaumu sana, mtu hutetea mfuko wake, ila zile kelele za nani Mswahili nani Mwarabu mnazozisikia mpaka kwenye posa, zimetoka hapo kwa sehemu kubwa.

Zile pembe kubwa za mfano wa ndovu pale Moi Avenue je? Ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ziara za familia ya kifalme ya Uingereza, na leo ndiyo picha ya kwanza ya mji wetu kwenye kila fulana. Mimi sisemi zivunjwe, hata mimi nina picha pale na wanangu. Nasema paandikwe ziliwekewa nani, na pale ngomeni waonyeshe selo zilikuwa wapi na nani walifungwa.

Haya maswali. Mwenye kesi ya kiwanja anione pembeni, na hapo pia mimi si wakili. Mama wa buibui pale mbele, anza wewe.