Nebula ya Tai kutoka uani Dar es Salaam: oksijeni kwanza

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo ni kupiga picha M16, Nebula ya Tai, yaani wingu la gesi angani, kwa filta za bendi nyembamba, darubini ikiwa imesimama kwenye ua wa nyumba Dar es Salaam. Kaka Baraka, tuanze na mahali ilipo angani, maana hapo mkazi wa Dar anamwacha mbali mkazi wa London.

BARAKA: Mbali sana, dada. M16 iko nyuzi 14 kusini mwa ikweta ya anga, na Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta ya dunia. Ikikata meridiani, mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini, inafika nyuzi 83 juu ya upeo, karibu utosini kabisa. London inaishia nyuzi 25, ndani ya ukungu na mwanga wa jiji. Katikati ya Julai inakata meridiani kama saa 5 usiku. Giza kamili linaingia kabla ya saa 2, na mpaka saa 9 usiku bado iko juu ya nyuzi 30. Hizo ni saa 7 za kazi, tena kipupwe, masika imeshapita.

ZUHURA: Sasa filta. Gesi ya nebula haitoi rangi zote, inatoa mistari michache. Haidrojeni alfa iko nanomita 656.3, oksijeni 500.7, na salfa ina jozi, 671.6 na 673.1. Filta ya nanomita 3 inapitisha kipande hicho tu. Zile taa za zamani za sodiamu, za njano, ziko karibu na 589, kwa hiyo mwanga wake karibu wote unazuiwa. Taa nyeupe za LED ndizo zinazosumbua, kwa sababu mwanga wake umesambaa, na sehemu yake inapita kila filta.

BARAKA: Ndiyo maana upana una maana. Kutoka nanomita 12 kwenda 3, mwanga wa anga unabaki robo, na wa nebula unabaki karibu uleule. Angalizo moja: kwenye darubini ya kasi sana, f/2 kwa mfano, yaani urefu wa fokasi ni mara mbili tu ya upana wa lenzi, miale inaingia kwa pembe kali na dirisha la filta linahamia upande wa buluu, hadi mstari unaoutaka unakatwa. Kwenye f/6 usiwe na wasiwasi.

ZUHURA: Tuchukue basi lenzi ya milimita 80, urefu wa fokasi 480, f/6, na kamera ya rangi moja yenye sensa ya IMX571, pikseli za maikroni 3.76. Zidisha 3.76 kwa 206.265, gawanya kwa 480, unapata sekunde 1.6 za tao kwa pikseli; sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi. Nebula inaingia yote na nafasi inabaki. Lakini wengi watauliza: kwa nini nisitumie kamera ya rangi na filta ya bendi mbili, niokoe pesa?

BARAKA: Ni mwanzo mzuri, siwakatazi. Ila inapiga haidrojeni na oksijeni kwa pamoja, na hapo unapoteza kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha kazi yote: uhuru wa kuipa oksijeni usiku wake. Kwenye M16 haidrojeni ina nguvu. Hata jiji likiwaka utaipata. Picha inafia kwenye oksijeni.

ZUHURA: Eleza kwa nini.

BARAKA: Kwanza ni dhaifu kwenye nebula hii. Pili, hewa inatawanya mwanga wa buluu na kijani zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo mwezi unaharibu nanomita 500 vibaya kuliko 656. Watu wanagawa muda sawa, saa tano tano kila filta, halafu wanashangaa buluu yao ni chenga tupu. Mimi napendekeza haidrojeni saa 3, salfa saa 5, oksijeni saa 7. Fremu za dakika 5: 36, 60 na 84.

ZUHURA: Na mwezi wenyewe katika miezi hii una hila. M16 iko kama nyuzi 10 tu kutoka njia ya jua angani, na mwezi hauachani sana na njia hiyo. Mwezi mpevu wa Juni na Julai unakaa upande huohuo wa anga. Wale waliozoea kusikia kwamba haidrojeni inapigika hata kwenye mwezi mpevu, kwa M16 wakati huo sahau. Funga duka.

BARAKA: Panga hivi. Mwezi mchanga, oksijeni usiku kucha. Robo ya kwanza, mwezi unazama karibu saa 6 usiku: anza na haidrojeni au salfa, ukizama badilisha filta. Robo ya mwisho ni kinyume chake, oksijeni kwanza, na mwezi ukichomoza hamia salfa.

ZUHURA: Sasa niseme la maunti, kile kifaa kinachobeba darubini na kuizungusha ifuate nyota, maana hapa ndipo wengi wa ukanda wetu wanapokata tamaa. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, yaani nyuma ya ukuta wa jirani. Nyota ya Kaskazini haipo kabisa kwetu. Sigma Octantis, nyota ya karibu na ncha ya kusini, ina mng'ao wa karibu 5.5, yaani ni hafifu sana kwa jicho, na kwenye vumbi la chini la jiji huioni.

BARAKA: Na maelekezo karibu yote ya mtandaoni yanakwambia uitafute ncha kwa darubini ndogo ya ndani ya maunti.

ZUHURA: Achana nayo. Programu ya N.I.N.A., ya kuendesha darubini na kamera, ni ya bure na ina nyongeza ya kusawazisha kwa vituo vitatu. Elekeza darubini popote palipo wazi. Maunti inazunguka kwenye mhimili mmoja, inapiga picha tatu, programu inatambua nyota zake na kukokotoa mhimili umepotoka kiasi gani. Unageuza bolti za juu-chini na kushoto-kulia huku namba zinashuka. Ukifika chini ya dakika 2 za tao, acha, inatosha.

BARAKA: Kuna maunti ambazo bolti yake haishuki hadi nyuzi 7. Fupisha mguu wa tripodi unaotazama kusini mpaka upate pembe iliyobaki. Tripodi si lazima iwe sawa kama meza, mhimili ndio unaohesabika. Ila hakikisha uzito hauvuki miguu, isije ikaanguka. Na kwa pembe ndogo hivi, uzito wa kusawazishia unagonga mguu wa tripodi. Weka kipande cha nguzo kati ya tripodi na maunti, au tumia maunti ya gia za hamoniki isiyohitaji uzito.

ZUHURA: Utosini napo pana hatari yake. Kabla ya kuiacha ifanye kazi, izungushe kwa mkono kupitia meridiani uone kama kamera inagusa mguu. Fanya mchana.

BARAKA: Kuongoza kwa PHD2, programu inayosahihisha maunti ikifuata nyota: fanya kalibresheni karibu na ikweta ya anga na meridiani, kosa la jumla likae chini ya sekunde 1 ya tao. Baada ya kila fremu mbili au tatu, programu isogeze darubini pikseli chache. Usiposogeza, kelele za sensa zinajipanga zinakuwa michirizi, na hakuna programu itakayokuondolea vizuri.

ZUHURA: Fokasi nayo. Kwenye f/6, kwa mwanga wa oksijeni, nafasi ya usahihi ni kama maikroni 88, unene wa karatasi. Kwa hiyo fokasi upya kila unapobadilisha filta, na kila joto likishuka digrii 1 au 2.

BARAKA: Sensa ipoze hadi 10 chini ya sifuri, taratibu, dakika 10 hivi. Unyevu wa pwani ukikuta kioo cha baridi unaganda, katikati ya picha unaona ua la barafu. Badilisha vidonge vya kukausha unyevu, na mkanda wa joto kwenye lenzi uwashe tangu jioni, usingoje umande. Kwa ASI2600MM, kamera yenye sensa hiyo ya IMX571, weka geini, yaani ukuzaji wa mawimbi ya sensa, 100. Betri ya lithiamu ya volti 12, Ah 100, inakutosha usiku mzima hata umeme ukikatika.

ZUHURA: Picha za giza 30, kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa joto, geini na muda uleule wa fremu zako. Flati, yaani picha za paneli yenye mwanga sawasawa, 30 kwa kila filta, sekunde 2 hadi 5 kila moja. Zikiwa fupi sana, kumeta kwa paneli ya LED kunaacha mistari. Kisha nyingine 30 za muda wa flati, kifuniko kikiwa kimefungwa.

BARAKA: Tukae kidogo kwenye rangi. Darubini ya Hubble ilipoonyesha nguzo za gesi na vumbi za M16 mwaka 1995, salfa ilipewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Ukifanya hivyo bila kusawazisha, picha yote ni kijani. Kwenye Siril, programu ya kuchakata picha, unganisha fremu za kila filta peke yake, toa mteremko wa mwanga wa jiji, ondoa nyota kwa programu ya StarNet, halafu nyoosha kila moja, yaani ng'arisha sehemu hafifu, mpaka viwango vikaribiane. Hapo ndipo saa 7 za oksijeni zinapolipa: unainyoosha sana na haipasuki.

ZUHURA: Na nyota za zambarau?

BARAKA: Nyota inatoa mwanga wa kila rangi, kwa hiyo filta zote tatu zinaipata karibu sawa. Ukinyoosha salfa na oksijeni kupita haidrojeni, nyekundu na buluu za nyota zinapanda pamoja, na hiyo ndiyo zambarau. Piga fremu 30 za sekunde 30 kwa kila filta ya kawaida, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Zichakate peke yake, chukua nyota zake, zirudishe juu ya nebula.

ZUHURA: Dakika 45 tu kwa jumla. Hizo zipige nebula ikiwa utosini, usiku usio na mwezi, kisha rudi kwenye oksijeni.