Haki ya Kazi kwa Mkimbizi Anayeishi Nairobi

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, nanyi wanafunzi wa sheria mliojaza ukumbi huu, nawashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie wakimbizi na kazi, na hoja yangu ni kwamba sheria imempa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi, kisha ikaifungia ruhusa hiyo ndani ya mlolongo wa nyaraka ambazo wengi hawazipati kwa wakati.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema katika kifungu cha 28 kwamba mkimbizi anaweza kuajiriwa, kufanya biashara au kutumia taaluma yake, mradi awe na sifa zinazotambuliwa na mamlaka za Kenya. Lakini ili muuguzi aliyekimbia kutoka Bukavu, huko Kongo, aajiriwe hapa, anahitaji kitambulisho cha mkimbizi, barua ya mwajiri, kibali cha kazi cha daraja la M, na vyeti vilivyotambuliwa, ilhali vyeti vyenyewe huenda viliteketea pamoja na nyumba yake. Kibali hicho hakilipiwi, na hilo ni la kushukuru, ila ni mwajiri gani atakayeacha nafasi wazi miezi na miezi akisubiri jibu?

Kwa hiyo muuguzi huyo anatembeza vitenge. Ukipita Kayole au Githurai utawaona akina mama wa Kikongo wenye vitenge vilivyokunjwa begani, wakibisha geti baada ya geti huku wakiwachungulia kanjo, yaani askari wa jiji. Wateja wengi huchukua kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na mama asiye na kitambulisho hulazimika kupokea pesa hizo kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani Mkenya. Siku jirani huyo akihama au akimgeuka, mtaji wote umekwenda naye, na mama hana pa kuanzia kuudai.

Hofu ya kudai ina historia. Aprili 2014, katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao kutoka mtaa wa Islii (Eastleigh), walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Chini ya mwaka mmoja kabla yake, Julai 2013, Jaji David Majanja alikuwa ametangua agizo la serikali la kuwahamishia wakimbizi wote wa mijini kambini, akisema linakiuka utu wao na uhuru wao wa kutembea. Hukumu ile naiona kuwa miongoni mwa zilizo bora kuwahi kutolewa na Mahakama yetu Kuu.

Mwajiri anayejua kwamba mfanyakazi wake hana kibali anajua pia kwamba hatathubutu kwenda kwa afisa wa leba, ndiyo maana mshahara wa jikoni au wa mjengo hukatwa atakavyo. Hata hivyo Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu, wala si raia peke yake, haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Ninyi mtakaokuwa mawakili, pelekeni madai ya mishahara hiyo mahakamani mkikitegemea kifungu hicho, na mdai jasho lililokwisha kutoka lilipwe kwanza, kabla ya yeyote kuuliza kibali kiko wapi.