Regulata ya kuzamia: pistoni au kiwambo, na ipi inafaa maji ya Mwanza

Habari zenu watazamaji. Leo tupo ufukweni Ilemela, na hapa mezani nimeweka regulata mbili za kuzamia. Kwa macho zinafanana, ila ndani kila moja ina mambo yake. Video hii haikufundishi kuzamia. Hilo utalipata kwa mwalimu, majini. Hapa tunaangalia chombo tu.

Tuanze na mtungi. Ukijazwa vizuri una hewa yenye shinikizo la bar 200 hivi, na hakuna mapafu ya kuipokea ikija hivyo hivyo. Kwa hiyo regulata inaipunguza mara mbili. Hiki kichuma kinachofungwa kwenye mtungi ndiyo hatua ya kwanza: kinaishusha hadi bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yanayokuzunguka. Hiki cha mdomoni ni hatua ya pili: kinaishusha tena hadi ilingane na maji pale ulipo. Regulata ya gesi ya jikoni nayo hupunguza shinikizo, ila haina habari na kina. Hii ukishuka mita 10 hivi inakuongezea bar 1, na wewe huna cha kugusa.

Sasa sogea hapa uone. Hii ya kushoto ni ya pistoni. Unayaona haya matundu ubavuni? Maji yanaingia humo, yanagusa springi na kuisukuma pistoni yenyewe. Vipande vyake ni vichache, fundi hachukui muda nayo, na ni ngumu kuharibika. Lakini matundu hayachagui. Ghuba ya Mwanza ikichafuka baada ya mvua, kinachoingia ni maji pamoja na tope, mchanga na vijinyuzi vya magugu.

Ya kulia ni ya kiwambo. Chini ya kifuniko hiki kuna kiwambo cha mpira. Maji yanakisukuma, nacho kinasukuma kijiti kinachofungua vali. Maji yanaishia hapo. Zipo zenye kiwambo cha pili kwa nje, hata springi hailowi. Kwa ziwa letu mimi nachukua hii, japo ina vipande vingi na matengenezo yake ni ghali zaidi.

Muuzaji atakutajia pia regulata iliyosawazishwa. Katika pistoni ya kawaida, shinikizo la mtungi ndilo linalosaidia kufungua vali, hivyo hewa ikikaribia kuisha unaanza kuvuta kwa nguvu. Iliyosawazishwa haijali mtungi umebaki na nini. Ni nzuri, lakini kwa mwanafunzi anayeshuka mita 10, ile ya kawaida inatosha. Usiuziwe woga.

Namna ya kufunga ni mbili: klampu inayoikumbatia vali ya mtungi, au DIN inayojisokota ndani yake. DIN hushika vizuri zaidi. Angalia kwanza mitungi ya pale unapokodisha ni ya aina gani, ndipo ununue.

Twende kwenye kupima. Kabla hujafunga mtungi, acha kifuniko cha vumbi mahali pake, weka hatua ya pili mdomoni, vuta. Usipate kitu. Ukipata hewa, kuna mpira uliotoboka au vali ya kutolea pumzi haikai sawa, na huko chini ungevuta maji. Sasa funga kwenye mtungi, geuza geji isikuelekee usoni, fungua vali polepole hadi mwisho. Vuta pumzi kadhaa huku ukiitazama geji. Mshale ukiyumba kila unapovuta, vali ya mtungi haijafunguka vizuri au chujio limeziba.

Halafu sikiliza. Ikianza kuvuja yenyewe mdomoni baada ya muda, mara nyingi hatua ya kwanza haizibi sawasawa na shinikizo linapanda kidogo kidogo. Vali nyingi za hatua ya pili zimeundwa kufunguka shinikizo likizidi, kwa hiyo hewa inamwagika badala ya kukatika. Unaweza kuivuta ikimwagika hivyo bila kubana midomo, huku ukipanda taratibu, ila mtungi unaisha haraka.

Jambo moja la pembeni: ziwa hili liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Regulata hairekebishwi kwa ajili hiyo. Jedwali lako la kuzamia, lile la kina na muda wa kukaa chini, ndilo linalorekebishwa.

Ukitoka, funga vali ya mtungi, bonyeza kitufe cha mbele ya hatua ya pili hewa iliyobaki itoke, ndipo uitoe regulata kwenye mtungi. Bila hivyo klampu haikubali. Futa kifuniko cha vumbi kikauke, kirudishe, kisha loweka kwenye ndoo ya maji ya bomba. Wengi hawaoshi kwa kuwa ziwa halina chumvi, lakini tope linakaukia ndani vilevile. Wakati wa kuosha usikibonyeze kile kitufe, maji yatapanda kwenye bomba la mpira hadi hatua ya kwanza. Anika kivulini, maana jua la Mwanza linakausha mpira ukapasuka, na mara moja kwa mwaka mpelekee fundi aliyesomea regulata.